Kibati cha Shaba Kisichofungwa

Benchi lenyewe liliachwa na fundi cherehani mmoja wa Kerala aliyehamia Muaither, na tangu siku hiyo ni la Wakenya, pamoja na Mganda mmoja. Liko Al Mansoura, mjini Doha, kando ya bakala, duka dogo la vyakula, pale kivuli cha jengo kinapofika baada ya alasiri. Kila Ijumaa Damaris huteremka na kikapu chake, themosi ya kahawa ya tangawizi na vikombe vitano. Kazini ni dobi wa hoteli, lakini kijiweni anaitwa Gavana, maana ndiye anayeamua nani anastahili kikombe cha pili. Yupo Githinji, bawabu wa nyumba moja ya makumbusho, ambaye kwa kusimama miaka minne karibu na vyungu vya kale amejitawaza Profesa. Yupo Harun wa Jinja, dereva wa familia moja ya Al Thumama, jina lake Radar, kwa sababu anajua kila kamera ya barabarani imejificha wapi. Na yupo Mutai, fundi wa bodi za magari. Huyo anaitwa Fundi basi, na ukishaiona kazi yake hutamtafutia jina lingine.

Ijumaa hiyo, mwezi wa pili mwaka 2013, Mutai alitoa kitambaa mfukoni ajipanguse uso, na kibati cha shaba kikaanguka juu ya benchi. Githinji akakidaka kabla hakijafika chini. Kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani, kimechorwa maandishi ya Kiarabu juu na Kiingereza chini, na yote yalisema jambo moja: gari hili limejengwa na J. K. Mutai, Doha.

Mutai alinyoosha mkono ili arudishiwe. Hakurudishiwa.

Alikijua vizuri kile kibati. Alikuwa amekibeba wiki mbili. Bu Rashid, mzee mwenye gari la kale alilokuwa akilijenga, ndiye aliyemkabidhi kwa mkono wake, akamwambia akifunge mwenyewe kwenye dashibodi siku ambayo hakuna kitu kilichobaki kufanywa. Mutai alikuwa amenyoosha magari mia moja mjini humu na hakuna hata moja lililojua jina lake. Hili lingelijua. Maonyesho ya magari ya kale yalikuwa Ijumaa inayofuata, na kibati bado kilikuwa mfukoni, kwa sababu kulikuwa na mahali pamoja kwenye lile gari, chini ya rangi, pakubwa kama kiganja, panapojulikana na Mutai peke yake.

— Gari si lilipigwa rangi tangu mwaka jana? Githinji aliuliza. — Sasa hiki kinafanya nini mfukoni?

— Parafujo, Mutai alisema. — Nilikuwa natafuta za kufanana na za wakati ule.

Hapo alidanganya. Parafujo mbili za mfereji mmoja kichwani, kama zilivyokuwa wakati huo, zilikuwa ndani ya kitambaa kilekile.

— Wakati gani? Sauti ilikuwa ya Kendi, muuguzi, binti wa dada yake Damaris. Alikuwa na wiki tatu tu Doha na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi kijiweni.

Hilo swali Mutai alilipenda. Alimpa simu aone picha: Mercury ya 1949, rangi ya zabibu iliyoiva, paa limekatwa na kushushwa inchi nne, vishikio vya milango vimeondolewa, magurudumu ya nyuma yamefunikwa nusu, tairi zina ukingo mweupe. Akamweleza kwamba baada ya vita vikuu kulikuwa na vijana kule Amerika waliochukua magari ya kawaida, wakayakata na kuyalaza chini hivi, kwa mikono, nyuma ya nyumba zao. Bu Rashid alitaka moja lililojengwa jinsi walivyojenga wao. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kitu kilichozaliwa baada ya 1951.

— Miezi kumi na minane, Mutai alisema. — Kule Sanaiya, eneo la magereji, wenzangu wananyoosha Land Cruiser tatu kwa wiki. Mimi nina hili moja. Na nakwambia, kutoka hapa mpaka Nakuru hakuna mtu angekata hilo paa vile nimelikata.

— Majivuno, Gavana alisema, akimmiminia.

— Si majivuno. Ni habari tu.

— AC ilikuwa imezaliwa? Harun aliuliza.

— Haina AC.

— Doha? Bila AC? Fundi, hiyo ni oveni yenye usukani.

— Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Githinji alisema, kwa uzito, kana kwamba hilo lilijibu kitu. — Tena gari zuri halifai kuendeshwa. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona gari linatembea, jua ni baya.

— Basi bosi wangu ana mabaya saba, Harun alisema.

— Swali ni kibati. Kwa nini hakijafungwa? Mimi ninakaa na vitu vya kale masaa kumi na mawili kwa siku, na nitawaambia. Petroli. Petroli ya siku hizi imezaliwa juzi. Fundi anajua wakiwasha tu, gari limeruka kutoka 1951 mpaka leo. Ndiyo maana anaogopa.

— Hata hewa ya tairi, Harun alisema. — Umeijaza wapi, Fundi? Hapo kwa petroli stesheni ya Salwa Road? Hiyo ni hewa ya mwaka huu.

— Hewa haina mwaka, Gavana alisema.

— Ina mwaka. Ya zamani ilikuwa safi.

— Wacheni, nimejua. Githinji aliinua kibati juu. — Fundi, wewe ulizaliwa lini?

— Sabini na nne.

— Mnaona? Kitu kipya zaidi kwenye hilo gari ni yeye mwenyewe. Jina lake likifungwa pale, sheria imevunjika.

Walicheka mpaka muuza bakala akachungulia mlangoni. Mutai naye alicheka, kisha akajikuta amesema.

— Kuna fila.

— Fila gani?

— Fila ya plastiki. Ya mkebe, ya kuzibia mabonde. Iko ndani ya bega la kushoto, pale mguu wa paa unapokutana na bodi.

Hakuna aliyestuka, maana hakuna aliyeelewa. Ikabidi awaeleze kwamba wale vijana hawakuwa na fila. Palipokuwa na bonde walijaza risasi, yale madini laini. Unapasha bati moto, unaipasha risasi nayo mpaka inalainika kama siagi, unaisukuma kwa kibao cha mbao kilichopakwa mafuta, na ikipoa unaipiga tupa mpaka mkono hausikii mwanzo wala mwisho. Ukizidisha moto inadondoka yote sakafuni. Ukipunguza haishiki. Alikuwa amejifunza hivyo kwa miezi mitatu, akichoma mabati mabovu, mpaka akaijua.

— Gari lina mishono kumi na saba ya namna hiyo, alisema. — Kumi na sita ni risasi tupu. Ulipofika wa mwisho ilikuwa Agosti, feni ya gereji imekufa, risasi imeniishia na nyingine iko njiani. Nilikuwa nimechoka, jamani. Mkebe wa fila ulikuwa hapo kwa Land Cruiser ya jirani. Miaka kumi na miwili Kariobangi nimeshika mkebe huo kila siku ya Mungu. Mkono ulienda wenyewe. Nilipokuja kushtuka nilikuwa nimeshapiga msasa.

— Na hukuitoa?

— Nilisema nitaitoa kesho yake. Kesho yake wapiga rangi wakaja mapema.

Gavana alimwangalia, kisha akamwongezea kahawa bila kuombwa. Hilo halikuwa jambo la kawaida, na Mutai aliona aibu kuipokea.

— Pole, Harun alisema. — Lakini mimi sioni kesi hapa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ufa uliziba. Maneno kwisha.

— Waamuzi wawili wanatoka Amerika.

— Watakuja na sumaku, Harun alisema. — Nimeona wauzaji wa magari wakifanya hivyo, wanapitisha sumaku, ikidondoka wanajua kuna fila.

— Sumaku haishiki risasi pia, Mutai alisema.

Githinji aliweka kikombe chini polepole.

— Rudia hapo.

— Risasi haishikwi na sumaku. Fila haishikwi na sumaku. Kwa sumaku hawawezi kujua.

— Basi imekwisha kuwa risasi, Githinji alisema. — Kitu kisichoweza kujulikana hakipo. Kule kwetu makumbusho kuna chungu kimeunganishwa kwa gundi ya juzi. Nimewaona kwa macho yangu wakikiunganisha. Watu wanatoka Japani kuja kukipiga picha.

— Na fila nayo itazeeka, Harun alisema. — Subira yavuta heri. Mwacheni akae miaka sitini, atakuta waamuzi wanasema, loo, fila ya namna hii hakuna tena duniani.

— Miaka sitini ya nini? Joto la Doha linazeesha mara kumi. Tazama viatu vyangu, nilivinunua mwezi wa tisa. Githinji alinyanyua mguu wote waone. — Agosti mpaka sasa ni miezi sita. Mara kumi ni miaka mitano. Hapo hujahesabu kwamba gari jeusi linavuta joto zaidi.

— Si jeusi.

— Linaelekea. Ukipiga hesabu vizuri, hiyo fila ilizaliwa hata kabla ya vita.

Mutai alitaka sana kukubaliana nao. Walikuwa watu wake, na walikuwa wanamtafutia njia kwa nguvu zao zote. Alichukua kibati kutoka mkononi mwa Githinji, na safari hii kiliachiliwa. Alikipangusa kwa kidole gumba. Alikwisha amua, au karibu kuamua, kwamba akitoka hapo anaenda kukifunga.

— Uncle, Kendi alisema. — Ni wapi?

Alikuwa bado na simu. Mutai aliinama, akaweka kidole juu ya kioo, hapo hapo, nyuma ya dirisha la kushoto.

Kendi alivuta picha ikawa kubwa. Rangi ilikuwa inang'aa bila hata doa. Akampa Gavana, Gavana akampa Harun, ikafika kwa Githinji aliyeitazama kwa jicho moja kama anavyowaona wataalamu wakifanya. Hakuna aliyeona kitu.

— Kazi safi, Githinji alisema. — Hata mimi nisingejua, na mimi ninajua.

— Na ile mingine? Kendi aliuliza. — Ile kumi na sita.

— Hiyo ni mingi.

— Nionyeshe miwili mitatu tu, nijifunze.

Mutai alichukua simu. — Kuna hapa juu ya taa. Hapana, ni huku ndani kidogo. Na hapa kwenye mlango, palipokuwa na kishikio. Ngoja. Kilikuwa juu au chini ya huu mstari? Alisogeza picha, akairudisha, akacheka kidogo. — Unajua ukiisha kuipiga tupa vizuri inapotea kabisa. Hata mimi mwenyewe natafuta.

Kendi alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Hakuwa na ubishi wowote. Alikuwa anauliza tu, jinsi anavyowauliza wagonjwa wanaumwa wapi.

— Hiyo umeitafuta, alisema. — Ule mmoja mbona hukuutafuta?

Harun aligeukia barabara. Githinji aliinua kikombe kujificha nyuma yake na kikombe kilikuwa kitupu. Alimnyooshea Gavana. Gavana aliinamisha themosi mpaka mwisho na kikatoka kipande cha tangawizi peke yake.

— Kahawa imeisha, alisema.

Mutai alikaa na simu mkononi. Uso ulimwaka, na aliogopa, hilo asingelikana; Bu Rashid alikuwa mtu wa maneno machache na asiyerudia. Lakini chini ya hofu alisikia kitu kingine, kile alichokisikia siku alipokata paa kwa mara ya kwanza na kuona mistari miwili inakutana. Anaijua kazi hii. Rangi ya zamani inakauka haraka. Siku sita zinatosha, kwa mtu anayeijua. Alibonyeza jina akapiga palepale mbele yao, kwa ule mchanganyiko wa Kiarabu na Kiingereza ambao yeye na mzee walikuwa wameutengeneza pamoja kama walivyotengeneza gari.

— Bu Rashid. Salaam aleikum. Bega la kushoto nalifungua leo. Ndiyo, na rangi. Najua maonyesho ni Ijumaa. Kuna fila pale. Mzee aliuliza kitu. — Hapana, si wapiga rangi. Niliiweka mimi.

Kisha akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko walivyotaka, na uso wake haukuwaambia kitu. Alisema taib, yaani sawa, mara mbili, akakata.

— Amesemaje? Harun aliuliza.

— Ameuliza risasi nimebakisha kiasi gani. Nimesema ya kutosha.

— Na kibati?

— Hicho hakukitaja.

Alisimama, akajikung'uta suruali. Githinji alimwambia kwa upole kwamba mficha uchi hazai, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali yake ikawa imekaa mahali pake, ingawa mwenyewe hakuonekana kugundua. Mutai aliweka kibati ndani ya kikapu cha Gavana, katikati ya vikombe vichafu.

— Nishikie. Nikimaliza nitakifuata.

— Na usipomaliza? Gavana aliuliza.

— Nitamaliza.

Akavuka barabara kuelekea kituo cha basi la Sanaiya. Parafujo mbili zilikuwa bado ndani ya kitambaa, na hizo alienda nazo.