Maisha ya Mzee Kiti, Aliyekishuku Kicheko Chetu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliokuja na viti vyenu, familia imenituma mimi, mtoto wa dada yake, niwasomee safari ya mjomba, na ninatangulia kusema kwamba nimetumwa, kwa kuwa angekuwa amekaa hapa, "Nani kakutuma?" ndilo swali angeanza nalo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi viatu, akiwa kitinda mimba, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipochekewa hakucheka, alimkazia macho mchekaji kama mtu anayekagua noti, kisha akageukia ukutani. Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza sekondari Novemba 1970, ambako alipopewa zawadi ya insha bora alikwenda kumuuliza mwalimu mkuu kama wenzake walikuwa wameandika kweli.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika idara ya filamu za elimu, akawa mhariri, akikata na kuunganisha mikanda ya kufundisha watu kunawa mikono na kuchimba vyoo, katika chumba kisicho na dirisha, mkasi mkononi, vipande vya mkanda vikimning'inia shingoni, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2006.

Tarehe 8 Septemba 1979 alimuoa fundi cherehani aliyekaa hapa mbele yetu, baada ya uchumba uliochelewa mwaka mzima, maana binti huyo alicheka kila mjomba aliposema neno, naye akashuku kwamba ni adabu tu, hata siku moja akampigia mzaha mbovu kwa makusudi, binti hakucheka, akamwambia, "Huo umeoza," na wiki ileile posa ikapelekwa. Walijaliwa binti mwaka 1981 na mwana mwaka 1983.

Kwa mabaki ya mikanda ya kunawa mikono, jioni baada ya kazi, alitengeneza filamu yake moja tu, Kiti cha Jirani, inayomhusu bwana aliyeazima kiti, akaona haya kukirudisha, akawa anakibeba kila aendako, kwa kinyozi, mahakamani, hata kwenye harusi yake mwenyewe, na kila akiulizwa hujibu, "Kiti si changu, lakini mgongo ni wangu." Ilionyeshwa tarehe 22 Novemba 1985, waliohudhuria wengi wao walikuwa ndugu, hakuna aliyecheka, baba mkwe alikoroma, na mkanda ukaenda kulala chini ya kitanda.

Mei 1997 mwalimu wa useremala katika chuo cha ufundi aliuazima ili kuwaburudisha wanafunzi na majirani, lakini wanafunzi wale wale walikuwa wamepaka vanishi mabenchi yote ya ukumbi asubuhi hiyo, yakawa hayakaliki, likabandikwa tangazo getini kwamba kila mtu aje na kiti chake. Marehemu, ambaye hakuliona tangazo, alichungulia dirishani akaona watu wanateremka barabarani, viti kichwani, viti begani, akaamini wamekuja kumdhihaki, au kumpiga navyo, akatorokea mlango wa stoo. Hakuona, basi, kwamba bwana wa kwenye filamu alipoinua kiti chake, mtu mmoja ukumbini aliinua chake, wa pili akafuata, ukumbi mzima ukasimama viti juu, ukicheka.

Mkewe alimsimulia yote, naye akamjibu, "Umewaomba wewe." Kila Mei tangu mwaka ule watu walirudi na viti, wakayajua maneno yote, wakayasema kabla ya waigizaji, wakampa yeye jina la Mzee Kiti, naye alikaa nyuma kabisa, kofia imeshuka usoni, haangalii filamu, anaangalia visogo, akijiuliza kama wanaicheka filamu, wanamcheka yeye, au wanamhurumia kwa zamu. Tukimwambia wanampenda, alituuliza tumelipwa nini.

Alianza kusumbuliwa na mapafu mwaka 2017, akalazwa tarehe 2 Juni 2019. Siku moja muuguzi kijana, akimuinulia mgongo wa kitanda, alinong'ona mwenyewe, "Kiti si changu, lakini mgongo ni wangu." Marehemu akamshika mkono, akamuuliza nani kamtuma. "Nitumwe na nani tena, baba? Mama husema hivyo kila akikaa, hata sijui msemo huo kautoa wapi." Akamgeukia mkewe, naye bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona akasema, "Ningemtuma mimi, ningemchagua mwenye sauti." Mjomba alicheka mpaka mpira wa hewa ukamchomoka puani, na muuguzi, ambaye hakujua anamhudumia nani, akamgombeza.

Aliaga dunia tarehe 19 Juni 2019, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na hasa yule binti na mama yake ambaye hatujamwona, majirani waliotupokea, wafanyakazi wenzake wa idara, na chuo cha ufundi, ambacho leo kilitaka kutuletea mabenchi, tukakiambia yabaki.

Mjomba, tumekaa hapa kila mtu na chake, na ukiniondoa mimi niliyepewa karatasi hii, nimewauliza mmoja mmoja pale mlangoni, kama ambavyo ungeuliza wewe, na hakuna aliyetumwa. Pumzika kwa amani.