Kola Iliyonyooka Upande Mmoja

Baba Paroko, masista, shemeji yangu na wanawe, wafiwa wenzangu, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia imenipa jukumu la kusoma historia ya maisha yake. Naomba mnivumilie, maana karatasi niliyokabidhiwa ina kurasa mbili zilizochapwa vizuri na binti yake mkubwa, nami nimeongeza ya tatu kwa mkono wangu, na hiyo ya tatu familia haijaiona. Shangazi alitaka kuninyoosha kola pale mlangoni nikamkatalia, akanuna, lakini sababu ataisikia.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1961, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa marehemu baba yetu, aliyekuwa seremala, na marehemu mama yetu, aliyekuwa mkulima wa mboga, akabatizwa mwezi uliofuata na kupata kipaimara mwaka 1973. Mimi ni wa pili, nilimfuata baada ya miaka minne, na ukiacha mgongo wa mama, mgongo wa kwanza kunibeba ulikuwa wake.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969, akamaliza la saba Novemba 1975, na alifaulu kwenda sekondari, hilo naomba lisikike vizuri, kwa kuwa wengi wenu mmekuwa mkidhani alishindwa mtihani. Mama aliugua mwaka huohuo, dada akabaki nyumbani kumuuguza na kufua nguo za majirani, ili mimi nisikatishwe shule. Kila asubuhi aliipiga kaptula yangu pasi ya mkaa, nami nikasimamishwa na mwalimu wa zamu mbele ya wenzangu kama mfano wa usafi, nikapigiwa makofi ambayo hayakuwa yangu.

Tarehe 3 Mei 1982 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akatumika humo kwa miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu tarehe 30 Septemba 2016. Shuka za wodi zote zilipita mikononi mwake, pamoja na magauni ya wagonjwa na makoti ya madaktari, na alipima joto la pasi kwa kuisogeza karibu na shavu lake, bila kubahatisha, na wenzake waliopo hapa ni mashahidi kwamba katika miaka yote hiyo hakuunguza hata foronya. Ndiyo maana wakamwita Mama Pasi, na jina hilo lilikuwa la heshima. Tangu mwaka 1990 alijitolea pia kufua na kunyoosha vitambaa vya altare ya kanisa hili, pamoja na vitambaa vya zambarau vya Kwaresima, kikiwemo kile kikubwa kinachofunika msalaba.

Tarehe 25 Agosti 1984 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu, fundi saa, ambaye amezoea kusema kwamba saa za mji mzima anazirekebisha yeye, isipokuwa ya nyumbani kwake, hiyo ilikuwa chini ya mkewe. Mungu aliwajalia watoto watatu, muuguzi, mwalimu na fundi majokofu, na wajukuu watano.

Hapo ndipo ukurasa wa pili unapoishia, na hauna kosa lolote, ila una shimo.

Jumamosi tarehe 24 Machi 2012, siku moja kabla ya Dominika ya tano ya Kwaresima, marehemu alikuwa sakristia akinyoosha kile kitambaa kikubwa. Alipokwenda uani kuanua vingine, niliingia mimi, mwenyekiti wa baraza la walei, niliyekuwa na kikao mchana huo na shati lililokunjamana, nikaikuta pasi ina moto, nikavua shati nijinyooshee kola. Nilikuwa nimemaliza upande mmoja simu yangu ilipoita, nikaiweka pasi chini pasipo kutazama, nikaenda dirishani kuongea, na harufu iliponirudisha niliikuta imelala juu ya zambarau, imeacha alama ya ukubwa wa kiganja. Nilivaa shati, nikakunja kitambaa alama ikae ndani, nikaondoka, na mlangoni nikapishana na dada aliyekuwa amekumbatia vitambaa, akanitazama shingoni, akatabasamu kidogo.

Kesho yake kitambaa kilikunjuliwa mbele ya waumini wote, na alama ikaonekana wazi. Watu walinong'ona, Baba Paroko wa wakati ule akauliza, na aliyesimama kujibu ni mimi. Nilisema kwamba wanaokabidhiwa vitu vitakatifu wawe makini, hasa wakati huu wa toba. Sikumtaja mtu, wala sikuwa na haja ya kumtaja, maana kila mmoja wetu alijua pasi ilikuwa ya nani. Nilipogeuka, dada alikuwa benchi la tatu, ananitazama shingoni tena kama jana yake pale mlangoni, na hapo nilielewa kwamba anajua, kwa kuwa mtu aliyenyoosha nguo maisha yake yote hawezi kukosa kuiona kola iliyonyooka upande mmoja.

Baada ya misa dada alikwenda sakristia. Aliomba kitambaa, akakata kipande kwenye pindo, akatia kiraka, akakirudisha, na wiki iliyofuata baraza langu likampumzisha huduma, barua ikiwa na sahihi yangu. Jina la Mama Pasi likawa la kuchekea, hata watoto wa kipaimara walilijua, naye akahama kutoka benchi la tatu akaenda la mwisho, karibu na mlango, akakaa hapo miaka kumi na mitatu. Mlioshangaa kwa nini dada wa mwenyekiti anakaa nyuma na watu waliochelewa, sababu ndiyo hiyo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa ndefu, na niliitembea nikiwa nimepakwa majivu. Kila Jumatano ya Majivu, baada ya misa, dada alipitia kwangu, hakutaka kuketi, akaniuliza swali lilelile, kwamba mwaka huu nafunga nini. Nilimjibu nimeacha nyama, mwaka mwingine sukari, mwaka mwingine televisheni, na nilijibu kwa sauti ili wapangaji nao wasikie. Alisema haya, Mungu akutie nguvu, akaenda zake. Mimi nilidhani anaulizia chakula. Kwenye kitubio nilikiri hasira, uvivu na usingizi wakati wa mahubiri, lakini pasi sikuitaja, nikijiambia kwamba ile ilikuwa ajali, na ni kweli kuungua kulikuwa ajali, ila maneno niliyoyasema Jumapili hayakuwa ajali.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Oktoba 2022, akatibiwa akienda na kurudi, hadi tarehe 17 Machi mwaka huu wa 2025 alipolazwa katika hospitali ileile, juu ya shuka ambazo alizikagua pindo na kuziona hazikunyooshwa vizuri. Nilipomtembelea tarehe 20 aliniuliza swali lake, maana siku ya Majivu hakuweza kuja, nikamwambia mwaka huu nimeacha chai. Alicheka mpaka akakohoa, binti yake akaniomba nisimchekeshe, nami nikaona aibu nisijue ya nini. Alipotulia alinishika kiwiko, akasema, "Mdogo wangu, wewe ndiye utakayesoma historia yangu. Usinipambe. Soma ilivyokuwa, yote."

Nilimwahidi, nikidhani nimeahidi kitu kidogo, na nilipofika kwenye ngazi ndipo nikaelewa ameniomba nini. Ningeweza kurudi. Palikuwa na ngazi kumi na mbili, na alikuwa macho, lakini niliteremka.

Dada yetu alifariki dunia Jumanne tarehe 8 Aprili, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na leo kifo chake kimeniumbua mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliochota maji na kupanga viti, na wenzake wa chumba cha kufulia, walioomba wenyewe kunyoosha shuka aliyovikwa. Baba Paroko, barua ya kuacha uenyekiti iko mezani kwako tangu jana. Shemeji, na ninyi wanangu, nitakuja nyumbani, mkinifungulia mlango nitaingia.

Ndugu zangu, tazameni msalaba uliofunikwa hapo juu, chini kidogo ya mkono wa kulia, mtakiona kiraka, ingawa kimeshonwa vizuri na itawabidi mkitafute. Kisha nitazameni mimi. Shati hili ndilo lile, kola yake nimeinyoosha asubuhi hii kwa mkono wangu, upande mmoja.

Dada, ndivyo ilivyokuwa, yote. Pumzika kwa amani.