Taya la Mwalimu Wetu

Mgeni rasmi, Daktari Bigirimana, bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Viongozi wa kata. Wazazi wetu: shikamooni.

KARIBU KAMULI
Sisi wahudumu wa chumba cha meno tumefurahi mno. Kabla ya leo, bingwa wa taya hajawahi kukanyaga hapa. Kahawa ya kutafuna ipo mezani, na ndizi zinaiva; anayekuja Kamuli akaondoka na njaa ametutukana.

TULIKOTOKA
Mwaka 2004 tulikuwa watatu, na mwalimu mmoja: tabibu wa meno Mzee Melkiory, yule aliyeketi mbele yako, Daktari. Eksirei hatukuwa nayo. Alitufundisha kwa kidole gumba na sindano. Taya lililovimba libonyeze taratibu. Likialika kama ganda la yai, chini yake maji yamekula mfupa. Ukivuta kwa sindano maji ya manjano karibu na jino lililokufa, uvimbe umetokana na mzizi wake. Hesabu meno pia. Likikosekana ambalo halijang'olewa, huenda limejificha ndani ya uvimbe. Lakini ukivuta kitu kizito, cheupe, usiguse kisu. Uvimbe huo hurudi, na unataka bingwa.

Alikuwa mkali, tukimwogopa kuliko mgonjwa anayepiga kelele. Jamani, tunazitamani siku zile.

TULIYOYAFANYA
Zamani ufizi wa mtoto mchanga ukivimba na kuwa wa bluu, tulisema ni ebiino, meno ya plastiki, mtoto akapelekwa kukwanguliwa ufizi. Mzee alizunguka jumuiya zote za kanisa akieleza kwamba mara nyingi ni maji tu juu ya jino linalotaka kuota, na hupasuka yenyewe. Mama Placidia, mkwanguaji hodari kuliko wote, alimkasirikia miaka miwili. Leo ndiye anayetuletea watoto.

CHANGAMOTO
Eksirei bado hatuna. Wagonjwa tunaowaelekeza hospitali za mbali wengi huishia nyumbani, hadi uso unapinda. Tunaomba mashine, hata iliyotumika.

OMBI LILILOKATWA
Mgeni rasmi, jana tulimpa Mzee risala hii aisahihishe, kama kawaida yetu. Ombi la mwisho alilikata kwa kalamu. Alisema, "Hii ni ya wagonjwa wa Kamuli. Mimi msinitie humo."

Tumekosa adabu, tumelirudisha. Shavu analolifunika kwa kiganja tangu uingie limevimba tangu mavuno ya kahawa ya mwaka jana. Juzi mimi Kemilembe, ninayewasomea risala hii, nilimchoma sindano. Kilitoka kitu kizito, cheupe. Mzee aliitazama sindano, akatugeukia kama zamani, akauliza, "Haya, ni uvimbe gani?"

Sote tulijua. Tuliketi kuliandika ombi hili.

Daktari, tunaomba gari lako likiondoka leo, Mzee awe ndani yake.

Mungu awafikishe salama, aishike mikono yako, na aturudishie mwalimu wetu.

Ni sisi wanafunzi wake,
Wahudumu wa Chumba cha Meno, Kamuli, Kyerwa.