Mama Soksi na Swali la Kidole Gumba

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, muuguzi wa chumba cha mizani katika kliniki yetu ya watoto atavua sare baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi, na huko litabaki. Wazazi, madaktari na hata mlinzi wa getini wanamwita Mama Soksi, na barua ikija kwa jina jingine, hapa mapokezi huwa tunaulizana ni ya nani.

Alianza kazi wodini, akahamia chanjo, kisha mizani, na hapo akatia nanga. Alipandishwa cheo mara mbili. Mara zote alishukuru, akapokea cheti, akarudi kwenye mizani yake. Waliotaka kumfanya msimamizi wa zamu waligonga mwamba.

Jina lilianza hivi. Aliona kwamba wazazi huja kwenye uchunguzi wa kawaida wa mtoto wakiwa na maswali tele, lakini wakishaketi mbele ya daktari, yote yanayeyuka. Daktari akiuliza kama kuna swali, mama anatabasamu na kusema hakuna. Akitoka tu, anayamwaga yote mapokezi, kwa karani, yaani mwandishi wa wasifu huu, ambaye hajui tofauti ya upele na harara. Wengine waliandika maswali kwenye simu, ila simu ilikuwa chini ya mkoba, mkoba umejaa nepi, na mtoto analia.

Ndipo akabuni njia yake. Baada ya kupima uzito, akiwa anamvisha mtoto soksi, alimwambia mzazi akipe kila kidole cha mguu swali moja. Kidole kidogo ni cha swali la mama mkwe, maana hilo lisipotolewa kwanza halikupi nafasi. Kinachofuata ni cha jirani ambaye wa kwake aliota meno mapema. Viwili vya katikati ni vya usingizi na chakula. Kidole gumba ni cha mzazi mwenyewe, cha lile swali analoliogopa. Akifika kwa daktari, avue soksi na kuanza kuhesabu.

Njia hiyo ilifanikiwa kupita kiasi. Daktari mmoja mgeni, katika wiki yake ya kwanza, aliona kila mtoto anavuliwa soksi na kila mama anashika vidole kwa uso wa wasiwasi. Akavikagua vidole vya watoto wote wa siku ile, kisha akaitisha kikao cha dharura kuhusu ugonjwa wa miguu unaoenea mtaani. Mama Soksi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, ndipo akaeleza. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Leo ndiye mkuu wetu wa kliniki, na hamruhusu mzazi kuondoka kabla hajamuuliza, "Na kidole gumba kinasemaje?"

Hilo gumba si mzaha. Fundi mmoja wa kuchomelea mageti alimleta mwanawe wa miezi minne akasema hana swali; mtoto ananyonya, analala, hasumbui. Mama Soksi akamwambia hata sifa ina kidole chake, kwa hiyo amsifie tu. Baba akasema kwa fahari kwamba huyu ni mtoto wa fundi kwelikweli, analala pembeni ya karakana na hata mashine ya kukatia chuma haimwamshi. Mikono ya Mama Soksi ikasimama kwenye soksi. Alimwomba tu sifa hiyo aiweke kwenye kidole gumba, na asitoke kwa daktari kabla ya kukifikia.

Masikio yakapimwa, ikaonekana mtoto hasikii vizuri. Kwa kuwa aligunduliwa mapema, alipata vifaa vya kusikia, na sasa ana miaka saba na anaongea kama chiriku. Akija mapokezi, kazi inasimama. Baba yake alitaka kumtengenezea Mama Soksi geti. Alipoambiwa mama huyu anakaa ghorofani, akatuchomelea lile benchi la chuma lililo nje ya chumba cha mizani.

Miezi hii ya mwisho, kila mtu alimuuliza atafanya nini akistaafu. Mhasibu aliambiwa kuku, huko huko ghorofani. Mfamasia aliambiwa bustani. Mapokezi tuliambiwa usingizi. Lakini watoto wake wamekua na kuhamia mbali, na tuliomzoea tuliona anazidi kuchelewa kufunga chumba jioni, akiifuta mizani ambayo ilishang'aa. Ilikuwa wazi kwamba anaiogopa siku ya kwanza isiyo na foleni, na hakuna aliyejua namna ya kulisema.

Katika kikao cha wiki iliyopita, mkuu alimuuliza kama ana lolote. Akasema hana, anashukuru. Kikao kikafungwa. Alipofika mlangoni akasimama, akainama, akavua kiatu. Tukaangua kicheko. Kisha tukaona yeye hacheki. Akiwa ameshika kidole gumba chake, aliuliza kama mtu asiye na mtoto wa kupima anaruhusiwa kuja kukaa kwenye benchi lile siku za kliniki, bila kumsumbua mtu.

Hakujibiwa papo hapo. Mkuu alikuwa anafuta miwani. Kwa hiyo jibu linatolewa hapa, kwa niaba ya wafanyakazi wote: ndiyo.

Asante kwa miaka yote, Mama Soksi. Tunakuombea afya, kuku watagao ghorofani na usingizi wa kushiba. Mwisho wa benchi, upande wa dirishani, ni pako kila Jumanne, siku ya kliniki. Mlinzi ameshaambiwa.