Mama Hana Tarehe

Treni ilikwenda kama inayosinzia. Mbele yangu mzee mmoja, fundi viatu, alikuwa na kompyuta mapajani. Muuguzi aliyeketi kando yake, hata hawajuani, akashindwa kunyamaza. "Mzee wangu, hiyo programu ya ukoo imepitwa na wakati. Weka toleo jipya."

"Nimeshaweka matoleo manne, mwanangu. Hili la tano silitaki; linamwandika marehemu kila aliyetimiza miaka mia bila tarehe ya kufa."

"Kwani kwenu nani hana tarehe?"

"Mama. Alitoka kwenda kuteka maji, mimi nikiwa darasa la kwanza. Mwezi huu anatimiza mia."

Muuguzi akageukia dirisha. Mimi nikaendelea kusoma gazeti nililolishika kichwa chini.

Treni iliposimama, kompyuta ikauliza kama iweke toleo jipya: sasa au baadaye? Mzee alikuwa akitafuta fimbo yake. Muuguzi, yuleyule mwenye maneno mengi, akanyoosha kidole taratibu, akabonyeza "Baadaye".