Bi. Benigna Kokushubila, Fundi wa Kinu cha Kahawa

Leo, tarehe 30 Juni 1984, Bi. Benigna Kokushubila anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kukoboa kahawa hapa Bukoba kwa miaka ishirini na miwili. Anayeandika ni mpiga chapa wa ofisi, na pia ni binti yake. Asiyependa upendeleo aache kusoma hapa.

Aliajiriwa Machi 1962, Uhuru ukiwa bado mbichi, akitoka Ijumbi, Muleba, na mimi mgongoni. Alipangiwa meza ya kuchambua kahawa pamoja na wanawake wenzake. Mikono yake ilikwenda haraka, ulimi haraka zaidi, na kila mgeni wa meza hiyo alitaniwa mpaka akazoea.

Kisha vita. Novemba 1978 wanaume wote wa chumba cha mitambo, pamoja na fundi mkuu Bw. Byabato, walikwenda mgambo. Kahawa ya maganda ilijaa ghalani hadi mlangoni. Mama na wenzake saba waliingia kuendesha kinu bila kufundishwa na mtu. Kwa kuwa kelele za kinu zilizuia kusikia ndege za adui, mmoja wao, Bi. Zuena, alisimama nje akitazama angani. Akipunga kanga, kinu kilizimwa na wote wakakimbilia handakini. Ndege zikiondoka, wakarudi kazini.

Kujua kama kahawa imekauka, Mama aliing'ata. Sisi Wahaya tunatafuna akamwani, kahawa ya kuchemshwa, tangu utotoni, lakini jino lake lilijua punje ipi iingie kinuni na ipi irudishwe juani. Nyumbani alifika akikohoa, vumbi la maganda kichwani. Siku moja mkanda wa kinu ulimchana mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Tulimfunga kitambaa, akala ndizi kwa mkono wa kushoto, na kesho yake akaenda kazini. Katika faili lake sikuona hata mstari mmoja juu ya jeraha hilo.

Wanaume walirudi katikati ya 1979. Wanawake waliwapokea kwa kikapu cha akamwani, wakacheka na kulia kwa furaha. Asubuhi iliyofuata tangazo lilibandikwa ubaoni: wanawake wote warudi mezani. Hakuna aliyewashukuru. Nina hasira na jambo hilo mpaka leo, wala sioni aibu kulisema. Wiki hiyohiyo Bw. Byabato, aliyepima ukavu kwa macho, alikoboa kahawa mbichi, ikapondeka na kuziba kinu siku mbili. Mwenyewe alikwenda mezani kumwomba Mama aje ang'ate. Tangu hapo aliitwa kila msimu, akang'ata, akarekebisha kinu, kisha akarudishwa kwenye uchambuzi.

Mwezi huu niliamriwa kupiga chapa hati yake ya utumishi: "Mchambuaji, 1962 hadi 1984." Basi! Nilimwambia meneja kwamba ni pungufu, akanijibu nisilete mambo ya ukoo ofisini. Mama alipokuwa akitoka handakini kurudi kinuni ili kahawa ya taifa isioze, hakuna aliyeyaita mambo ya ukoo. Nilipompelekea hati, aliisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Hii ni ya mtu mwingine, mwanangu. Mpelekeeni mwenyewe."

Nimepiga chapa hati nyingine, yenye kazi zote mbili. Bw. Byabato ametia sahihi kama shahidi bila kubembelezwa. Imebaki nafasi ya meneja, ambaye ataitwa mbele yetu baada ya chakula cha kumuaga Mama, na kalamu iko mezani. Asipotia sahihi, Mama atampa mkono kwa heshima na kwenda zake mikono mitupu, na sisi sote tutakuwa tumeona.

Mama, ahsante kwa mikono yako na mapafu yako. Tunakuombea mapumziko mema kwenye kibanja chako cha migomba kule Kitendaguro. Uzeeke na meno yako yote, fundi wetu.