Bastola Imerudi, Kulungu Hajarudi

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya ndoo, nje ya duka la chakula cha mifugo pale Pruitt Fork, kamji ka Missouri ambako ukipiga chafya ukiwa ndani ya gari umeshakapita. Kahawa ni ya bure, na uchungu wake unalijua hilo. Mwenye themosi ni Wanda, aliyeendesha malori mpaka kiuno kikamgomea, wanamwita Dizeli. Pembeni yake hukaa Leland, Sajenti, ambaye jeshini alikuwa mpishi tu, lakini ukimsikiliza utadhani vita vyote alivipigana peke yake. Asubuhi hiyo, msimu wa kuwinda ukiwa mlangoni, Orval Tackett alikuja na boksi kwapani na hakumsalimia mtu. Orval ndiye Kisiki: akishakalia neno, hang'oki. Masikio yalikuwa mekundu kwa hasira.

— Bastola imerudi, akasema, akalibwaga boksi ubaoni.

— Si afadhali! Sajenti akadakia. Kiwandani wameitengeneza?

— Wameitengeneza. Silinda inazunguka vizuri kabisa. Waranti ya maisha, sijatoa hata senti.

— Sasa mbona umevimba hivyo, mzee mwenzangu? Umemeza chura?

— Hebu tazameni mpini!

Wakachungulia. Bastola iling'aa mafuta. Mpini ulikuwa wa raba, mweusi, kama zilizojaa madukani. Dizeli akakiweka kikombe chini.

— Kisiki. Vipini vya Royce viko wapi?

— Ndicho ninachouliza mimi!

Pale kijiweni hakuna asiyevijua vipini vile, vibao viwili vya kushikia bastola. Royce, mwanawe Orval, alivichonga kutoka kwenye mti wa mjozi ulioangushwa na tufani uani kwao, akamchora kulungu ubavuni. Pembe moja ilitoka fupi, kisu kiliteleza, na Royce akaiacha hivyo hivyo akicheka. Halafu barafu ya barabarani ikamchukua Royce na pikapu yake. Tangu hapo Orval hakutoka nyumbani bila kulungu yule kiunoni, hata kanisani. Akikaa kimya, kidole gumba kilikuwa kinaipapasa ile pembe fupi.

— Jana nimewapigia, akasema. Msichana ananiambia, "Bwana, waranti inairudisha silaha jinsi ilivyotoka kiwandani." Jinsi ilivyotoka kiwandani! Nikamwambia, binti, vipini vyangu viko wapi? "Visivyo vyetu huwa havirudi, bwana." Vimeenda wapi? Hajui. Halafu ananitakia siku njema! Siku njema, mshenzi yule!

— Vimeibwa, Sajenti akatoa hukumu. Nawajua hao. Fundi amevipachika kwenye bastola yake, na Jumamosi anavitambia kwenye uwanja wa shabaha.

— Fundi gani, wewe nawe! Dizeli akamkata. Fundi hana ubavu huo. Ni bosi. Nimepeleka mizigo kwenye viwanda hivyo, kuna chumba cha juu kimefungwa saa zote. Unadhani mna nini mle? Vipini vya watoto wa watu vimetundikwa ukutani, matajiri wanakuja kuchagua.

— Umekiona?

— Ningekionaje na kimefungwa?

— Basi mimi nawaambia lililo kubwa zaidi, Sajenti akasogea, akashusha sauti. Mbao inakunywa jasho. Miaka yote hiyo Kisiki anaishika. Serikali wakiikamua mbao ile wanajua anakula nini, anaumwa nini, na kura yake anampa nani.

— Jasho la Kisiki? Wakikamua watapata mchuzi wa soseji!

— Wewe cheka tu. Hata bastola hiyo si yake. Ya kwake wameiyeyusha.

— Namba ni ileile, Orval akafoka.

— Namba inachongwa, ndugu yangu!

Orval hakucheka, ila hakuwakataza. Moyoni aliwataka waendelee. Kila walichobuni kilimletea mtu wa kumchukia, na yeye alimhitaji mwizi, mwizi mwenye sura na nyumba. Lakini kuna jambo hakuwaambia. Kabla hajatuma mzigo, msichana wa simu alimweleza polepole, kama anamwelekeza mtoto: toa kila kitu kisicho cha kiwandani. Naye akajibu, sawa, bibie.

— Nitaenda! akasema, akaupiga ubao ngumi mpaka kahawa ikamwagika. Nitaendesha gari mpaka huko, nisimame getini!

— Ukiwa na bastola hiyo? Dizeli akauliza.

— Bastola ya nini? Na mdomo wangu!

Hapo ndipo Corinne aliposhuka kwenye pikapu yake. Ni mjane wa Royce, alifuata chakula cha kuku. Orval akavua kofia haraka ili alifunike boksi, akachelewa.

— Umeamkaje, baba? Kisha akaiona raba. Akauliza: Baba, kwani hawakukuambia uvitoe kwanza? Ni skrubu moja tu.

— Dada, hujui unaongea habari za watu gani hao, Sajenti akaanza. Hao—

— Leland, funga bakuli lako, Dizeli akasema.

Orval aliinama. Hasira ile ya asubuhi nzima alikuwa nayo bado, ila hakujua tena ampe nani.

— Waliniambia, akasema. Bisibisi nilikuwa nayo mkononi, pale mezani jikoni.

— Sasa?

— Nilitaka wamwone.

— Wamwone nani?

— Kulungu. Nikawaza, watu hao wanashika bastola mchana kutwa, zote sura moja. Mmoja akifungua boksi langu ataita wenzake, "Jamani, njooni muone, nani kachonga hiki?" Nilimpaka hadi mafuta, Corinne. Nikamfuta kwa shati langu la kanisani. Mpumbavu mimi! Mpumbavu mkubwa!

Corinne akaketi ukingoni mwa benchi. Akaichukua bastola, akakipitisha kidole gumba juu ya raba, mahali pembe fupi ilipokuwa. Dizeli akamtafutia kikombe, akaiinamisha themosi. Hakikutoka kitu.

— Walimwona? Corinne akauliza.

Orval akamgeukia Sajenti, mwenye jibu la kila kitu. Sajenti alikuwa anatazama barabara.